Bawabu wa Barua za Anjusha

Alhamisi, 5 Oktoba

Shajara mpya. Ile ya zamani imeliwa na mchwa. Walianzia ukurasa wa kwanza na hawakufika mwisho, na siwalaumu.

Asubuhi, kibanda cha chai. Lonappan alikuwepo, kiti cha mbele, miguu ameitanua kama mwenye nyumba. Huyu ndiye mwenye waya za televisheni na intaneti za mtaa wetu wote hapa mjini Irinjalakuda. Kazining'iniza kwenye minazi ya watu, kwenye mifenesi ya watu, mpaka juu ya lango la hekalu. Akatangaza kwa sauti ya kufika kituo cha basi kwamba barua pepe zote za mtaa huu, za mapenzi na za kuachana, zinapita mkononi mwake kwanza. Watu wakacheka. Kisha akanigeukia: "Au vipi, Mwalimu? Wewe bado uko na taipu?" Wakacheka zaidi. Mwenye kibanda alicheka mpaka akamwaga chai. Chai yangu.

Wananiita Mwalimu kwa sababu niliendesha shule ya kupiga chapa. Shule ilikufa. Jina likabaki, bila mshahara.

Nimerudi nyumbani na uamuzi. Nitajenga seva yangu mwenyewe ya barua pepe. Hapa hapa sebuleni. Kwa programu huria, zile zisizo na mwenyewe wala bei, na ukikwama hazina wa kulaumiwa.

Tena kuna suala la Anjusha, binti yangu. Nesi. Mkono mwepesi wa sindano, mdomo mzito kama wa marehemu mama yake. Amefaulu mtihani wa Kiingereza, ameomba kazi hospitali moja ya Cork, Ireland, na wakati wowote watamwandikia tarehe ya usaili. Watamwandikia wapi? Kwenye anwani aliyoifungua akiwa darasa la nane: Kipepeo Mtamu, na tarakimu mbele. Yaani mkuu wa wauguzi wa Ireland akae mezani aandike, "Mpendwa Kipepeo Mtamu." Haiwezekani! Familia ina heshima yake.

Jumapili, 8 Oktoba

Siku nzima ya kuchagua. Nilidhani ni kama kununua ndoo. Sivyo.

Mfumo wa kompyuta haukunisumbua: nimechukua Debian. Ndio waliotuonyesha kwenye mkutano wa watu wa programu huria kule Thrissur, siku ile walipotupa pia ndizi za kukaanga, na mimi nikipewa ndizi nasikiliza. Taabu ilikuwa programu ya kupokea na kutuma. Wapo wa Postfix, wapo wa Exim. Nikauliza kwenye jukwaa lao mtandaoni, kwa adabu kabisa, ipi bora. Kufikia saa ya kula watu wawili wameitana majuha, mmoja ameapa kujitoa kwenye jukwaa, na swali langu hakuna aliyelijibu. Nimechukua Postfix. Mtetezi wake alitukana kwa utaratibu zaidi.

Halafu nikampata huyu ambaye ndiye fahari ya kazi yote: programu ya kukaa mlangoni na kutenga barua taka. Nimempa jina Bawabu. Unamwonyesha barua, unamwambia hii taka. Unamwonyesha nyingine, unamwambia hii nzuri. Anayashika maneno. Baada ya hapo anaamua mwenyewe. Kwa nusu ya umri wangu nimefundisha watoto wa watu kupiga chapa bila kutazama vidole, na hakuna aliyeshika kwa kasi hiyo.

Kompyuta ni ile ya mwisho ya shule. Ina vumbi la mwaka ule tuliofunga. Nimeiweka chini ya picha ya Vilasini, mke wangu. Anaitazama kama alivyokuwa akinitazama mimi nikianza jambo.

Jumanne, 10 Oktoba

Imewaka! Imepokea! Nimejiandikia barua na imenifikia. Nilipiga kelele mpaka Amma, mama yangu mzazi, akatoka jikoni na kisu cha kumenyea muhogo. Akauliza nani kaandika. Nikasema mimi. Kamwandikia nani? Mimi. Akashusha kisu. "Sasa wewe Divakara, si ungejiambia tu?" Akarudi kwenye muhogo wake.

Jioni nikamwandikia Anjusha, kwa Kipepeo Mtamu. Haikufika. Tuliikuta kwenye pipa lake la taka, kati ya tangazo la dawa ya upara na mtu anayegawa urithi. Nimesoma nikaelewa. Seva yangu ikibisha hodi kwa makampuni makubwa ya barua pepe, yanatazama namba ya mtandao ilikotokea na kuuliza namba hii ni ya nani. Na namba inajibu: ya Lonappan.

Yaani hata nikipaza sauti nyumbani kwangu, anayesikika ni yeye.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimekwenda dukani kwa Lonappan. Sitaki kuandika.

Naandika. Nilimweleza nahitaji namba ya kudumu, yenye jina langu. Akaniketisha. Akaniagizia chai. Akaita mafundi wake waje wasikie. "Jamani, shikeni adabu, Mwalimu kaja kuomba namba." Akauliza kwa nini nisitumie anwani za bure kama binadamu wengine. Nikamjibu siwezi kulaza barua za binti yangu kwenye nyumba ya watu nisiowajua. Akatikisa kichwa, akasema ni kweli, binti asilale ovyo. Mafundi wakaanguka kwa kicheko.

Amekubali. Sharti lake: kisanduku chake cha kugawia waya kikae kwenye ukuta wa lango langu. Kisanduku kile ambacho kwa miaka miwili nimekipinga kwa maandishi kwenye chama cha wakazi. Nimekubali. Kimefungwa mchana huu huu. Kina picha yake mlangoni, anatabasamu, mikono imeunganishwa kusalimia. Kila nikitoka nyumbani kwangu, Lonappan ananikaribisha.

Ijumaa, 13 Oktoba

Siku kuu! Anjusha kakubali.

Haikuwa rahisi. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Nilimweleza habari za heshima ya anwani, za uhuru, za kutolala kwenye nyumba za watu. Hakuinua macho. Akasema, "Baba, mwaka mzima nimesoma nikitoka zamu, miguu imevimba. Hii barua ikipotea, mimi nimekwisha. Unaelewa?" Nikamwambia naelewa. "Hapana, Baba. Unaelewa?" Basi nikaweka mkono kwenye picha ya mama yake nikaapa. Akaitazama picha, siyo mimi. Akawaandikia hospitali kwamba anwani yake imebadilika.

Na wamejibu! Siku hiyo hiyo! Mistari miwili: tumepokea, tutakuandikia kwa anwani hii mpya. Imepita kwenye lango la Bawabu, imetua kwenye sanduku, sebuleni kwangu, kutoka Cork. Anjusha akaisoma mara mbili na akatabasamu upande mmoja, kama Vilasini siku niliponunua baiskeli. Nilikunywa chai yangu nimesimama.

Nilipotoka kutembea, nilikipungia mkono kile kisanduku langoni.

Jumatatu, 16 Oktoba

Taka zimetugundua. Sijui nani kawaambia kuna nesi hapa. Asubuhi hii peke yake: Hongera, umechaguliwa hospitali ya Kanada! Hongera, viza yako ipo tayari! Usaili wako wa uuguzi, thibitisha haraka! Mpendwa nesi, Ulaya inakungoja! Matapeli watupu. Wanataka ada ya usajili, kisha hupati viza wala hospitali wala hata jibu. Binti wa fundi saa alilia wiki nzima kwa ajili ya mmoja wao.

Basi nimefungua darasa. Nimemkalisha Bawabu, nikampa barua moja moja. Hii taka. Hii taka. Unaona "hongera"? Taka. Unaona "viza"? Taka. "Usaili", "umechaguliwa", "thibitisha haraka"? Taka, taka, taka. Ameshika vizuri ajabu. Kufikia jioni alikuwa anazitupa kabla sijafungua mdomo. Nilijisikia kama enzi za shule, mashine zote zikilia kwa pamoja.

Na pipa lenyewe nimeliamrisha lijimwage kila alfajiri. Diski ni ndogo, na mimi sipendi uchafu ulale ndani ya nyumba.

Jumanne, 17 Oktoba

Mvua za mchana zimeanza, na radi zake. Na radi ikinguruma, hata iwe mbali huko baharini, Amma anazunguka nyumba nzima anachomoa plagi. Televisheni. Friji. Feni. Na sasa seva. Kila mama mtaani anafanya hivyo saa hiyo hiyo. Ukisimama barabarani unasikia nyumba zinanyamaza moja baada ya nyingine. Lakini hao wengine hawana seva.

Nikamsihi. Nikamweleza barua ya Anjusha inaweza kuja wakati huo huo ikakuta tumefunga. Akaniuliza kama barua hiyo haina akili ya kungoja mvua iishe. Kisha akaanza habari za redio ya binamu yake Karthyayani, ile iliyopigwa na radi ikaendelea kusoma taarifa ya habari ikiwa inaungua. Hadithi hii nimeisikia tangu utotoni. Zamani alikuwemo na ng'ombe.

Seva ilizimwa mpaka Amma alipomaliza sala za jioni.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimepata njia. Nijipongeze, maana hakuna mwingine wa kunipongeza.

Kuna plagi moja tu ambayo Amma hachomoi kamwe, radi iwe radi, dunia iwe dunia. Ni ile ya taa ndogo nyekundu mbele ya sanamu ya mungu Krishna, kwenye chumba cha sala. Alipokwenda kuoga kisimani, nimeihamisha seva huko, nyuma ya Krishna, kwenye soketi ya Krishna, nikaifunika kitambaa cha hariri. Mchana radi imekuja kama kawaida. Amma kazunguka, kachomoa vyote. Seva imenguruma gizani bila kutetereka. Ushindi!

Jioni Amma alitoka kwenye sala uso umebadilika. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba Krishna anapumua. Nikamwuliza anapumuaje. Akasema taratibu, kama mtu aliyeshiba. Sikubisha. Ni nani mimi wa kubisha.

Jumapili, 22 Oktoba

Sikukuu za puja. Leo jioni vitabu vyote na vyombo vyote vya kazi vinawekwa mbele ya mungu kupumzika, na mpaka asubuhi ya Jumanne hakuna kusoma, hakuna kuandika, hakuna kugusa chombo cha kazi. Amma ameweka kisu chake. Anjusha ameweka vitabu vyake na mkasi wa hospitali. Mimi nimeweka taipu ya mwisho ya shule.

Katika kupanga, Amma akafunua hariri.

Nilitegemea kelele. Badala yake akaitazama seva muda mrefu, na ile taa yake ya kijani inayopepesa, akauliza kama hii ndiyo kazi yangu siku hizi. Nikasema ndiyo. "Basi na yenyewe ipumzike, maskini." Akaipaka msandali mbele, akaiwekea ua jekundu juu, akafunga mlango kwa kitasa, akaketi nje.

Lakini hakuizima! Inafanya kazi kama kawaida. Ni mimi tu nisiyeruhusiwa kuigusa.

Jumatatu, 23 Oktoba

Kuandika ni marufuku. Natumia penseli. Nadhani penseli haihesabiwi.

Anjusha alipiga simu mchana kutoka wodini. Wagonjwa hawana puja. Akasema anachungulia sanduku kwenye simu yake kila akipata nafasi, hamna kitu, na wenzake wawili walioomba pamoja naye wameshaandikiwa leo. Baba, hebu tazama na kwenye pipa la taka, maana kwenye simu yake pipa halionekani. Nikamwambia leo siwezi, Amma ameketi mlangoni na mashine imepakwa msandali. Akaniambia nimwombe. Nikamwambia hakuna haja ya kumsumbua mzee siku ya puja. Bawabu nimemfundisha mwenyewe. Kikiwepo kitu cha maana, kitaingia.

Halafu akasema, "Haya, Baba."

Mtoto ana wasiwasi sana. Kautoa kwa mama yake.

Jumanne, 24 Oktoba

Asubuhi puja imefunguliwa. Hekaluni watoto wadogo wameshikwa vidole kuandika herufi zao za kwanza kwenye sinia la mchele, wakilia kama wanachinjwa. Enzi zangu wazazi waliniletea na mimi wale watoto wakubwa, waje wabonyeze kibonye cha kwanza cha taipu. Mwaka huu hakuna aliyekuja. Niliketi kibarazani na shati jeupe kwa muda, labda.

Kisha nikafungua seva. Sanduku la Anjusha: tupu. Pipa la taka: limejimwaga alfajiri. Kila kitu safi. Nimempigia kumtuliza.

Alhamisi, 26 Oktoba

Imekuja barua kutoka Cork.

Imeingia moja kwa moja sandukuni. Bawabu hata hakuisimamisha. Haina "hongera". Haina "viza". Haina "thibitisha haraka". Inasema wanasikitika, kwa kuwa hawakupata jibu la barua yao ya Jumatatu, iliyomtaka athibitishe usaili kabla ya Jumanne jioni, nafasi wamempa mwingine. Wanamtakia kila la heri.

Anjusha aliisoma akiwa amesimama mlangoni, bado na viatu. Akanipa simu niisome. Nikaisoma. Nikaisoma tena, polepole, ili nisifike mwisho.

Nikamweleza kwamba, kwa haki, anayeandika kama tapeli asishangae akichukuliwa tapeli. Kwamba hospitali kubwa kama ile ingeweza kutafuta maneno yake yenyewe. Aliitazama picha ya Vilasini. Kisha akavua viatu, akaviweka pembeni vizuri, kimoja kando ya kingine, akaingia chumbani kwake.

Muhogo na samaki vimelala mezani. Amma hakula. Mimi nilikula kidogo.

Jumamosi, 28 Oktoba

Hanisemeshi. Siyo kwa ugomvi. Akinikuta jikoni anasogea nipite. Chai yangu naikuta mezani, imefunikwa na kisahani, na yeye hayupo.

Amma kaniambia jambo moja tu: nikimwona Krishna anapumua tena nimjulishe yeye Amma, ana maneno na huyo Krishna.

Nimekaa na Bawabu kumhoji. Hana kosa. Alifanya kila kitu kama nilivyomfundisha. Sijawahi kuwa na mwanafunzi wa hivi. Hata hivyo nimemlegeza kidogo, na pipa nimelisimamisha, kwa heshima ya msiba.

Jumatatu, 6 Novemba

Habari nimezipata kibandani, kama mpita njia. Anjusha alikwenda mwenyewe dukani kwa Lonappan. Na Lonappan, bila shaka, ana shemeji Cork. Watu wa kanisani kwake wana shemeji kila mahali. Ukiwatua mwezini watakuta shemeji amepika. Shemeji ni nesi hospitali hiyo hiyo. Akazungumza na mkubwa wake. Mmoja wa waliochaguliwa amejitoa. Anjusha atasailiwa Ijumaa, kwa video, kwenye kompyuta ya Lonappan.

"Usijali, Mwalimu," kaniambia, safari hii kwa sauti ya chini, na hakuita mafundi. Hilo ndilo lililoniuma. Angecheka ningejua pa kumweka.

Anwani aliyotumia ni ile ya zamani. Kipepeo Mtamu.

Ijumaa, 10 Novemba

Amepita. Wamemwambia papo hapo. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nasoma tangazo la mazishi ya mtu nisiyemjua. Alitoka dukani amefunika mdomo kwa viganja viwili, mke wa Lonappan kamkumbatia, na mafundi wote wakapiga makofi. Akaniona. Akashusha mikono. Akavuka barabara, akaniambia, "Nimepata, Baba," kama anavyomwambia mgonjwa majibu yake. Nikamwambia ni vizuri. Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini pikipiki ilipita.

Nimefikiri baadaye. Ile barua yao ya kwanza, mistari miwili, ilipokelewa na seva yangu. Bila shaka ndiyo iliyowafanya wakumbuke jina lake. Hili sijamwambia mtu.

Jumamosi, 17 Februari

Sikuandika muda mrefu. Hakukuwa na jambo. Karatasi zake zilikuwa zinapita ofisi moja baada ya nyingine, zote kupitia Kipepeo Mtamu, na zote zilifika.

Leo tumemsindikiza uwanja wa ndege wa Nedumbassery. Gari la Lonappan. Amma alikaa mbele, na mfuko wa chipsi za ndizi na achari za embe za kutosha Ireland nzima. Pale mlangoni Anjusha akagusa miguu ya Amma. Akagusa ya kwangu. Aliposimama, macho yalikuwa mekundu. Akasema, kwa shida, kwamba kuna mambo amekaa nayo tangu Oktoba na hawezi kuyasema kwa mdomo, akifika ataniandikia. Kwenye anwani yako, Baba. Ile ya nyumbani.

Kwenye anwani yangu! Kwenye seva yangu! Nikamwambia aangalie mizigo.

Kurudi, njia nzima, Lonappan hakuwasha redio. Amma alilala. Nyumba nzima ina vyumba vingi kuliko asubuhi.

Jumanne, 20 Februari

Barua! Niliruka, nikagonga goti kwenye Krishna.

"Baba mpendwa, mimi binti yako, nipo ugenini, nalia nikiandika." Nikasoma mbele. Amekwama uwanja wa ndege, ameibiwa mkoba, nimsamehe kwa yote, nimtumie pesa leo hii. Mwisho: binti yako, Jennifer.

Sina binti anayeitwa Jennifer.

Kutumia jina la binti! Kuja kumchezea mzazi kwenye kidonda! Nikamwamsha Bawabu, nikarudisha ukali wake wote, nikamfungulia darasa jipya. Jukwaani wametoa mkusanyo wa barua za namna hiyo, nimempa zote. Hii taka. Hii taka. "Baba mpendwa"? Taka. "Binti yako"? Taka. "Nisamehe", "nalia", "ugenini", "nimekukumbuka"? Taka, taka, taka. Nilimfundisha mpaka feni ya kompyuta ikalia. Pipa nalo nimelirudishia kazi yake ya alfajiri.

Tapeli mwingine wa hivyo hatavuka mlango huu. Anjusha akiandika, atakuta sanduku linamngoja yeye peke yake.

Jumapili, 25 Februari

Anjusha amepiga simu kwa Amma. Baridi kali huko, mkuu wa wodi ni mama mmoja mwema, achari zimevuja kwenye sanduku la nguo. Amma akanipa simu.

Akaniuliza kama nimepata kitu. Sauti ndogo, kama alipokuwa akiniletea daftari la shule nitie saini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi kabisa, mambo ya hapa ni shwari, wiki nzima haijapenya hata takataka moja. Bawabu amekuwa chuma. Akauliza, hata Jumatano? Nikasema hata Jumatano, sanduku linang'aa.

Akanyamaza. Nilimwita, hello, hello. Huu mtandao wa Lonappan unakatika sana. Kisha akasema, "Basi, Baba. Umesikia... basi." Na simu ikakata.

Hajaniandikia bado. Sikumkumbusha, mtu mgeni kazini ana mengi. Nitangoja. Kesho nampelekea Lonappan pendekezo la kuwawekea wateja wake wote Bawabu huyu huyu, alivyo, na mafunzo yake yote kichwani, mtaa mzima. Waone kazi ya Mwalimu.

Amma ameweka ua jipya juu ya seva. Nimefungua sanduku kabla ya kuandika hapa. Tupu. Safi kabisa.